Mji Ulioishia kwenye Minyaa Yetu

Vijana wanaotembeza wageni Karatu siku hizi wanayo historia ya mji huu mdomoni, imeiva, tayari kupakuliwa. Nawasikia pale stendi. Wanaanza na Wajerumani, wanaruka hadi kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, wanatua kwenye hoteli, halafu wanamgeukia mgeni kuona kama amependezwa. Mimi huwaacha. Mtu wa umri wangu akianza kusahihisha vijana stendi ataonekana amechanganyikiwa. Lakini kuna jambo moja halimo katika historia yao, nalo ni kwamba kwa muda wa karibu miaka miwili, kwenye makaratasi ya serikali, mwanzilishi wa Karatu alikuwa baba yangu.

Baba hakuanzisha mji wowote. Alianzisha nyumba ya udongo, zizi la ng'ombe saba, na ubishi na mama uliodumu maisha yao yote.

Nieleze kwanza Karatu ya miaka ile ya sabini mwishoni ilikuwaje, maana anayeiona leo hataamini. Ilikuwa barabara. Inapanda kutoka Mto wa Mbu, inapita katikati yetu, inakwenda zake geti la Ngorongoro. Kando yake kulikuwa na maduka ya bati, mashine ya kusaga, kanisa, zahanati, na duka la ushirika ambalo mara nyingi lilikuwa na viberiti na muuzaji tu. Kuanzia Julai mpaka mvua za kwanza hapakuwa na jani la kijani kati ya duka na duka. Vumbi jekundu lilitanda hadi kuku weupe walibadilika rangi, na mwanamke aliyeanika shuka asubuhi aliianua mchana ikiwa imeiva kama tofali. Bomba la maji lilikuwa moja, karibu na zahanati, na lilitoa maji siku lilipojisikia.

Mwenye duka kubwa alitoka Kilimanjaro, na sisi tulimwita mangi kama tulivyowaita wafanyabiashara wote wa kutoka huko. Yeye aliiita Karatu "jangwani." Akiandika barua kwao aliandika hivyo hivyo, tena alitusomea: "Mimi niko huku jangwani, mniombee." Tulichukia. Jangwa gani lenye baridi ya asubuhi ya kung'ata masikio? Lakini mtu aliyelelewa kwenye migomba yenye mifereji huwezi kumweleza kitu, na kusema kweli, alipokuwa akisoma barua hiyo alilazimika kwanza kuipuliza vumbi.

Landrova za watalii zilipita bila kusimama. Wazungu walijifunga leso puani, wakatutazama, wakaendelea kwenda kuangalia vifaru kreta. Hatukuwalaumu. Hata sisi tungekuwa na njia ya kupita tu, tungepita.

Kwetu kulikuwa juu ya barabara, upande wa magharibi, mwendo wa dakika kumi kutoka duka la mwisho. Wazazi wangu walihamia hapo wakitokea upande wa Buger, kwao mama. Tulikuwa na ekari nne zilizozungushiwa uzio wa minyaa. Minyaa hiyo alipanda mama, tawi kwa tawi, mimi nikiwa mgongoni na mwingine tumboni, na hakuna aliyewahi kumsaidia kwa zaidi ya nusu siku. Ndani yake kulikuwa na mahindi, maharage, mbaazi na maboga. Watu tisa tulikula kutoka humo. Baba alikuwa na ng'ombe, na alikuwa na Kiswahili.

Kiswahili cha baba kinahitaji maelezo. Sisi ni Wairaqw. Kiswahili tulikipata shuleni na madukani, na kila mtu alikibeba alivyoweza. Baba alikuwa amekaa Tanga miaka mitatu, kwenye mkonge, au kama mama alivyopenda kufafanua, kwenye jiko la msimamizi wa mkonge. Alirudi na sanduku la bati, koti moja la kijivu, na Kiswahili ambacho hapakuwa na mtu kati ya Mto wa Mbu na Oldeani aliyeweza kusimama nacho. Alikitunza kuliko koti. Aliwasahihisha majirani. Alimsahihisha mwenyekiti wa kijiji katikati ya hotuba. Jumapili moja alimsubiri katekista mlangoni mwa kanisa akamweleza, kwa upole mkubwa, kwamba dhambi ni "zetu" na si "yetu," na katekista akamshukuru kwa meno yaliyofungwa.

Aliyemsahihisha zaidi ni mama. Kwa mama kila kitu duniani kilikuwa "ya." Mtoto ya jirani, kiti ya mgeni, mlango ya zizi. Baba alikuwa anainua kidole kimoja, hasemi kwa ukali, anasema tu: "Mlango *wa*." Akirudia mara tatu mama anaacha sentensi yote hapo hapo ilipofika, anaondoka. Mwishowe akaamua Kiswahili chake atakitumia dukani tu, akirudi anakiacha huko huko. Nyumbani alizungumza Kiiraqw. Baba akimwuliza jambo kwa Kiswahili, anajibu kwa Kiiraqw, au hajibu. Kwa hiyo baba alizungumza Kiswahili na sisi watoto, na tukiwa shuleni alizungumza na ng'ombe, ambao hawakuwahi kukosea hata mara moja.

Ndipo akaja bwana ardhi.

Ilisemekana serikali imeamua Karatu iwe mji mdogo, na mji hauwezi kuwa mji bila ramani. Alitumwa kijana kutoka wilayani, mtu wa pwani, amevaa suruali ya bugaluu na viatu vya raizoni, vya soli nene, ambavyo ndani ya siku mbili vilikuwa vyekundu mpaka kwenye nyuzi. Alikuwa na darubini ya miguu mitatu, mnyororo wa kupimia, na daftari. Alitaka kujua wenyeji wenyewe wanauhesabu mji umefika wapi. Ofisini wakamwelekeza: kwa upande wa juu kamwulize mzee mmoja aliyekaa Tanga, huyo mtaelewana.

Nilikuwa darasa la sita, siku hiyo nilikuwa uani napepeta maharage, na yote niliyasikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana mdogo. Karibu, uketi."

Kijana alifurahi. Ilionekana wazi kwamba ni wiki nzima hajasikia Kiswahili kilichonyooka. Akakaa, akapewa maziwa, akafungua daftari.

"Mzee wangu, nimeambiwa wewe ni mwenyeji. Nataka unionyeshe, mji unaishia wapi?"

Sasa, kwa mtu wa pwani mji ni mji: maduka, mitaa, taa zikiwepo. Kwetu sisi wa bara mji ni nyumba ya mtu na zizi lake na watu wake. Mtu anasema "naenda mjini kwa shemeji" na anakwenda kwenye boma lenye nyumba moja. Baba alilijua hilo neno kwa maana zote mbili. Alikaa Tanga, na Tanga ni mji. Lakini alikuwa amesimama uani kwake, ng'ombe wake wakimtazama, na serikali imekuja kumwuliza mipaka ya mji. Alisikia alichotaka kusikia. Akaingia ndani, akavaa koti, akatoka na fimbo.

Aliuzunguka uzio wote, kijana nyuma yake na mnyororo.

"Mji mkubwa huu," kijana akasema.

"Mungu amejalia."

"Ulianza lini, mzee?"

"Niliporudi kutoka Tanga. Hapa palikuwa pori tupu. Fisi walilala hapo uliposimamisha darubini yako."

"Kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza?"

"Nani mwingine? Jiwe la kwanza nililiweka kwa mkono wangu."

Mama, aliyekuwa amejiinamia kwenye maharage yake, alisema kwa Kiiraqw kwamba jiwe la kwanza liliwekwa na kaka yake, kwa sababu siku hiyo mwenye mkono alikuwa amelala na homa. Kijana aliuliza mama anasemaje. Baba akasema mama anamkaribisha.

"Na mna mpango wa kuupanua?"

"Watoto wakikua, tutapanua upande wa bondeni."

Kijana alisita kidogo kwenye hilo la watoto. Nadhani aliona ni namna yetu sisi wa bara ya kusema, ya mafumbo mafumbo, akaandika. Akamshika baba mkono kwa mikono miwili, akaenda zake. Na ndivyo historia ya Karatu ilivyoandikwa mara ya kwanza: mji ulianzishwa na mzee mmoja aliyetoka Tanga, akakuta fisi.

Miezi iliyofuata baba alikuwa hashikiki. Alikwenda kwa mangi bila shida ya kitu chochote, ili tu aulizwe. "Serikali imekuja kwangu," alisema, "haikwenda kwa mwenyekiti." Walipokuja kupanda bikoni, yale mawe ya saruji ya mpaka, moja katika kila kona ya uzio wetu, aliwachanganyia saruji mwenyewe, akawafukuza mbuzi waliotaka kupanda juu. Majirani wakaanza kumwita Baba Mji. Walimtania, yeye akaitika.

Mvua zikanyesha, mama akapanda. Mahindi yalipofika magotini akaja mtendaji kwa baiskeli. Akasema tuko ndani ya mji sasa, na mjini hairuhusiwi zao linalozidi mita moja, kwa sababu ya majambazi kujificha. Mama alimwangalia, akaangalia mahindi, akaniita nilete rula ya shule. Rula ilikuwa ya sentimita thelathini. Tulipima shina refu kuliko yote mbele ya mtendaji, rula juu ya rula, haikufika mbili.

"Jambazi ya kulala hapa itakuwa fupi sana," mama akamwambia.

Alirudi baada ya mwezi, mahindi yamempita kichwa. Mama akampa rula. Aliishika, akatazama juu yalikoishia mahindi, akatazama rula. Hakuwa mtu mbaya, na nyuma ya ofisi yake mwenyewe kulikuwa na mahindi mazuri tu. Aliomba maji ya kunywa, akaondoka. Sisi tukacheka wiki nzima, na kwa kweli tulidhani mambo ya mji yataishia hapo, kwenye rula.

Hayakuishia hapo. Ramani ilibandikwa ofisini, na mangi, ambaye alitaka kiwanja cha duka la pili, alikwenda kuinakili kwenye karatasi ya kufungia sukari. Mama alikwenda na mimi kununua chumvi. Mangi akaitandaza kaunta nzima.

"Mama, njoo uone ulipo. Hii ni barabara. Hii ni minyaa yako. Sasa hapa kwenye maboga ni stendi ya mabasi."

"Na mahindi?"

"Mahindi ni viwanja. Moja, mbili, mpaka kumi na mbili. Nyumba yenu imebaki, usiogope. Hapa kwenye mbaazi ni choo."

"Choo ya nani?"

"Cha abiria."

Mama alisahau chumvi. Alipanda nyumbani kwa haraka hivi kwamba nilimkimbilia, na alipofika alisimama mbele ya baba akamweleza yote bila kuvuta pumzi, kwa Kiiraqw. Nilimwona baba akielewa. Ilimchukua muda mfupi sana. Mdomo wake ulitamka neno lile moja, mji, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi na kukuta kitu hakimo. Kisha akakaa juu ya kinu.

"Nenda uwaambie ulisikia vibaya," mama akasema.

"Niseme mbele ya watu kwamba mimi sijui maana ya mji?"

"Useme."

"Mimi? Niliyekaa Tanga?"

Mama akamwambia kwamba shamba likiondoka, yeye anarudi Buger kwa kaka zake na watoto wote, kwa sababu hawezi kupika stendi. Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyotaja siku ya kupanda. Nilielewa kwamba ni kweli, na kwamba mimi nitaacha shule, na nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa huko mpaka nilipoitwa.

Mkutano wa kuipitisha ramani ulikuwa baada ya wiki tatu. Baba alitafuta njia nyingine zote. Alisema ataandika barua. Mama akamwuliza barua itasema nini tofauti. Alisema atamwona kijana faragha, wanaume wawili. Kijana alikuwa wilayani, hakurudi mpaka siku ya mkutano. Mwishowe alikwenda kwa mangi kuomba ushauri, akanichukua nimsaidie kubeba mafuta ya taa, na nilimsikia mangi akimwambia neno lililommaliza kabisa.

"Mzee, tatizo lako ni hicho Kiswahili. Ukisimama pale na Kiswahili hicho ukasema hukuelewa neno mji, nani atakuamini? Watasema umebadili nia. Watasema mzee ni mjanja."

Tulirudi nyumbani, na jioni hiyo baba hakuzungumza hata na ng'ombe.

Mkutano ulifanyika kiwanja cha shule, saa nne asubuhi, na upepo ulikuwa umeamka mapema kuliko sisi. Ramani ilining'inizwa ubaoni, wanafunzi wawili wakaishika pembe isiruke. Bwana ardhi alikuwa na viatu vipya, vya kawaida. Alieleza mji utakavyokuwa: mitaa, soko, stendi, sehemu ya miti ya kivuli. Watu walipiga makofi kwenye miti ya kivuli. Kisha akasema, kwa heshima kabisa, kwamba historia ya mji ameipata kwa mwanzilishi mwenyewe, na kwamba mzee huyo yupo hapa na tungependa asalimie.

Baba alisimama. Alikuwa amevaa koti. Wanaume walianza kusogea ili wamsikie vizuri, maana baba akiongea mkutanoni ilikuwa burudani. Akafungua kinywa, akazungumza Kiiraqw.

Watu walitazamana. Mwenyekiti alidhani hajasikia. "Mzee," akasema, "sema kwa Kiswahili, mgeni wetu naye aelewe. Wewe ndiye mwalimu wetu hapa."

Baba akasema, kwa Kiiraqw, kwamba Kiswahili hakijui. Akasema anaomba mkalimani. Akasema mkalimani wake ni mke wake.

Upande wa wanawake, vichwa vyote viligeukia mama. Mama hakuwa ameambiwa. Ninaapa hakuwa ameambiwa, nilikaa ubavuni pake na nilimwona uso. Alifunga khanga upya, bila haraka, akasimama, akapita katikati ya wanaume mpaka alipokuwa baba, akasimama kando yake mbele ya kijiji kizima akiwa na kile Kiswahili alichosahihishwa miaka kumi na tano.

"Anasema hii Kiswahili yeye hajui," mama akasema. "Anasema wewe uliuliza mji. Yeye ilisikia mji. Mji ya nyumbani. Mji ya watoto na ng'ombe. Hiyo ndiyo ilikuonyesha."

Bwana ardhi aliangalia daftari, akamwangalia baba. "Lakini siku ile mzee aliongea vizuri sana! Kuliko mimi!"

Mama alimgeukia baba akamtafsiria. Baba, aliyekuwa amelisikia kila neno la sifa hiyo, bila shaka kubwa kuliko zote alizowahi kupewa maishani mwake, alisikiliza tafsiri mpaka mwisho. Akajibu maneno mawili.

"Anasema siku ile ilibahatisha," mama akasema.

Kiwanja kizima kiliangua kicheko. Katekista alicheka mpaka akashika bega la mtu. Mwenyekiti alicheka akiwa amefunika mdomo na faili. Nami nilicheka, lazima niseme hivyo, nilicheka kwa sauti, kwa sababu ilichekesha, na baba akageuza kichwa akaniona. Hakukasirika. Alinitazama tu, akarudisha macho kwenye ramani. Nimefanya mambo mengine ya kujutia, lakini hilo ndilo nalionea aibu mpaka leo.

Aliyeacha kucheka kabla ya wote ni bwana ardhi, maana alikuwa ameanza kuhesabu. Alikuwa ameipeleka wilayani historia ya mji mzima, na fisi ndani yake, na sasa inaonekana ni historia ya zizi. Sidhani alitamani habari hiyo isafiri zaidi ya kiwanja kile. Akatoa penseli na ufutio.

"Basi, mama, muulize mzee. Mji huu wa serikali, wa maduka, yeye anaona uishie wapi?"

Mama hakumwuliza.

"Inaishia kwa mtaro," akasema. "Mtaro ya barabara. Huku juu ni kwangu."

Kijana akafuta. Stendi ikashuka chini ya barabara, choo kikaifuata, viwanja kumi na viwili vikatafutiwa mahali pengine, na mwaka uliofuata bikoni zetu ziling'olewa. Bomba la pili lilipoletwa liliishia mtaroni, kwa hiyo tulichota maji kwa ndoo miaka yote ambayo watu wa mjini walifungua tu. Mama hakulalamika. Alisema maji ya mjini yana vumbi.

Huo ndio ungekuwa mwisho wa habari kama bwana ardhi angerudi wilayani. Hakurudi. Walimhamishia Karatu kabisa, akapanga chumba nyuma ya duka la mangi, akaoa, akakaa miaka minne akipima mitaa. Karatu ya leo imetoka kwenye penseli yake. Na kwa miaka hiyo minne baba yangu hakuweza kuzungumza Kiswahili.

Alikuwa ameiambia serikali hakijui, na serikali ilikuwa ikikaa kwenye benchi la dukani kila siku ikinywa soda. Baba aliingia kwa mangi akaonyesha sukari kwa kidole. Mangi, ambaye hakuwa na shida ya kucheka na watu, alimpimia bila kucheka. Kijana alimwamkia, "Shikamoo, mzee," na baba akamwitikia kwa Kiiraqw. Niliwahi kuwa karibu nikaona koo lake likipanda na kushuka na ile "marahaba" ambayo hakuitoa. Mikutano ikaja na ikapita, wenyeviti walivuruga lugha walivyotaka, na baba alikaa nyuma na koti lake ameinamisha kichwa. Watu wakazoea. Waliohamia baadaye, wale wa gereji na wa nyumba za wageni, walimjua kama mzee wa Kiiraqw tupu, na walipotaka kumwambia jambo walipaza sauti kana kwamba hasikii.

Nyumbani nako aliacha. Sisi wakubwa tulikuwa shule za bweni, wadogo walikuwa na michezo yao. Nilipokuja likizo nilimkuta amekonda. Nilidhani ni ugonjwa. Mama aliniambia hapana, ni mdomo, unakauka usipotumiwa.

Asubuhi moja ya likizo hiyo nilikuwa nafagia uani. Baba alikuwa ameketi mlangoni, kikombe kipo chini hajakigusa, anatazama chini huko barabarani ambako walikuwa wanajenga ukuta wa stendi. Mama alitoka zizini na ndoo. Akasimama mbele yake. Tangu nikiwa mdogo nilikuwa sijamsikia akizungumza naye kwa lugha nyingine isipokuwa ya kwao.

"Baba watoto," akamwambia, kwa Kiswahili, "uji yako imepoa. Kunywa."

Baba alimtazama. Akachukua kikombe, akanywa kidogo, akakishika mapajani. Halafu akauliza, polepole, kama mtu anayejaribu mguu uliokuwa na ganzi, iwapo ng'ombe wamekwisha kunyweshwa.

"Imekunywa," mama akasema. "Yote."

"Na yule mweusi, mguu wake unaendeleaje?"

"Mguu yake iko vizuri. Jana ilitaka kunipiga teke."

"Ameshapona basi," baba akasema, akasogeza kigoda kwa mguu, akamwomba mama akae. Mama akaweka ndoo chini, akakaa, wakazungumza mpaka jua likapanda juu ya minyaa, na mimi nikafagia mahali pale pale mara tatu ili nisikie.